Salamanda wa Ghorofa ya Nne

Siku hizi simu yangu haipumziki. Nikiamka naikuta imejaa video: bakuli la plastiki, maji ya vidole vitatu, na ndani yake kiumbe mdogo wa urefu wa kucha anaelea ubavuubavu. Halafu sauti ya kijana: "Niaje Mama Ndunge, huyu wangu ako na shida gani?" Wengine hata hawasalimu, wanatuma video tu na alama ya kuuliza.

Mimi si daktari wa mifugo, wanangu. Nilikuwa mwosha matangi. Niliosha matangi katika duka la samaki wa mapambo kule Makadara mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi, na sasa nimestaafu, nakaa hapa Tassia na mimea yangu ya kwenye makopo. Lakini katika kuosha, mtu huona. Na kwa kuwa mnaniuliza kila siku, afadhali niseme yote mara moja, nanyi mpelekeane.

Kwa yule ambaye hajamwona, salamanda tuliyemuuza sisi ni yule wa kukaa majini maisha yake yote. Ana mkia kama wa samaki, miguu minne, na pande mbili za kichwa ana matamvua mekundu, kama manyoya, ndiyo ya kupumulia. Akiwa mkubwa si wa shida sana. Shida ni akiwa kiluwiluwi, zile wiki za kwanza baada ya kutoka kwenye yai. Hapo ni kama uzi wenye macho. Ukikosea kidogo, umemmaliza.

Najua kwa sababu wale wangu wa kwanza niliwamaliza wote.

Duka lilikuwa la Mzee Karanja. Alianza kama fundi wa vioo vya madirisha, siku moja mteja akamwomba amuundie tangi la samaki, na basi, hakurudi tena kwenye madirisha. Mimi aliniajiri kufagia. Kisha akanipa kitambaa nifute matangi, kisha akanipa mpira wa kufyonzea uchafu, na kabla sijajua nilikuwa nalisha. Wakati huo mteja mmoja aliyekuwa akihama nchi alituachia mayai ya salamanda kwenye ndoo. Yakatotoa. Mzee Karanja alikuwa na furaha kama mtu aliyepata wajukuu. Aliinama juu ya lile beseni asubuhi nzima, miwani ikimteleza puani.

Siku aliyoenda mjini kununua vioo, nikaona maji ya beseni yana ukungukungu. Nikasema leo nitamfurahisha huyu mzee. Nikamwaga maji yote, nikafungua mfereji, nikawajazia maji safi, yanayong'aa. Kufikia saa saba mchana walikuwa chini ya beseni, weupe, hakuna hata mmoja anayetikisika.

Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu changu, tayari kufukuzwa. Aliangalia beseni. Akaniangalia.

"Mama Ndunge, hebu nusa hayo maji."

Nikanusa. "Yananukia dawa ya mfereji."

"Sasa hiyo dawa, wewe ungeipumua kwa nyama ya ndani ya pua yako siku nzima, ungeonaje?"

Aliniambia niweke kikapu chini, tukamwaga lile beseni pamoja. Kuanzia siku hiyo nikajua kulaza maji: unachota ndoo leo, unaiacha wazi mchana na usiku ili ile dawa ipotee hewani, unayatumia kesho. Na hubadilishi maji yote kwa mpigo. Unatoa robo, unarudisha robo. Mambo haya mawili nimeyarudia kwa wateja mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu.

Mengine niliyajua kwa kusahihishwa na kwa kucheka. Kuna ule ukungu unaowashika kwenye matamvua, mweupe kama pamba ya hospitali. Mara nyingi unatokana na joto, au chakula kilichoachwa kikaoza chini ya bakuli. Nyumba zetu za juu, zile zilizo chini ya mabati, mchana zinachemka, na salamanda hapendi joto kabisa. Weka chupa ya maji iliyogandishwa kando ya bakuli, si ndani, na uondoe mabaki ya chakula kila siku. Mzee Karanja alikuwa na tiba yake ya ukungu: kuwaogesha kidogo kwenye strungi, chai isiyo na maziwa, nyepesi na iliyopoa kabisa, kisha unawarudisha kwenye maji yao. Leo kuna madaktari wenye dawa bora kuliko hiyo, waulizeni. Lakini wakati ule ndiyo tuliyokuwa nayo, na ilisaidia.

Basi nikamwelekeza dereva mmoja wa lori afanye hivyo. Kesho yake akarudi na kopo. Maji yalikuwa yananata.

"Baba, uliweka nini humu?"

"Si ulisema strungi?"

"Na sukari?"

"Vijiko viwili tu, mama. Strungi bila sukari inanyweka kweli?"

Tulimwosha yule salamanda mara nne. Alipona, kiumbe wa kushangaza. Lakini mimi nilijifunza kwamba mtu akikusikiliza, anaongezea yale ambayo wewe hukuyataja. Na nilidhani nimejifunza kabisa, mpaka yalipotokea ya Njeri.

Njeri alikuwa fundi cherehani. Alikaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nne, chumba kimoja, akishona sare za shule. Alikuja dukani kwetu kushona mapazia ya nyuma ya matangi, na kila alipomaliza pazia moja alisimama mbele ya salamanda wetu mkubwa, mikono kiunoni, akimwangalia. "Huyu hana haraka na mtu," alisema. "Mimi natazama sindano kutwa nzima. Nikitazama huyu macho yangu yanapoa." Tulipopata mayai tena, Mzee Karanja akampa. Nami nikampa maagizo: maji yalazwe, ndoo iwe wazi mahali penye hewa, robo kwa robo, chakula kidogo mara nyingi. Aliyaandika yote kwa chaki ya kukatia nguo juu ya kipande cha kitambaa, akakitundika ukutani.

Walitotolewa viluwiluwi kumi na tisa. Kwa wiki tano hakuna aliyekufa. Alikuwa akipiga simu kunieleza nani ameota miguu ya mbele. Kwa kweli alikuwa mfugaji bora kuliko wateja wetu wote, na nilijisifu kwake kidogo, kama mwalimu.

Jumatano moja asubuhi akaingia dukani na jagi lenye kifuniko ndani ya kiondo. Hakusalimu. Aliliweka juu ya meza, akafungua, akageuka ukutani ili asione.

Sita walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa wanafanya kitu nilichokiona mara moja tu maishani. Nikigonga jagi kwa ukucha, wanashtuka wote, wanajikunja kama ndoana, wanajinyoosha, wanazunguka kama kishada kilichokatika, kisha wanalala chali.

"Ni yule mama wa mlango wa pili," Njeri alisema, bado ameangalia ukuta. "Syombua. Amewawekea kitu."

"Kwa nini akuwekee?"

"Wiki iliyopita aliosha mablanketi, matano mara moja, akayaanika kwenye kamba juu ya sare zangu. Maji yakachuruzika kwa kazi ya watu. Nikamwambia maneno. Tangu siku hiyo hatusalimiani."

Kwanza niliwahamisha kwenye maji yetu ya dukani. Kisha nikapima yale ya jagi kwa vile vijikaratasi vyetu vya kupimia. Uchafu wa mikojo yao haukuwa mwingi. Joto lilikuwa sawa. Hakuna ukungu, matamvua yalikuwa mekundu vizuri, matumbo hayajavimba. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wamepewa sumu. Ile mara moja niliyoona kujikunja namna ile ni siku Mzee Karanja alipopuliza dawa ya mende nyuma ya kabati, akasahau kwamba tangi la samaki wadogo lilikuwa wazi.

"Njeri, umepuliza dawa ya wadudu nyumbani?"

Akageuka haraka. "Mimi? Kwangu hakuna mdudu."

Alilisema hilo kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, lakini wakati huo sikulitilia maanani. Niliwabadilishia viluwiluwi maji kila saa mpaka mchana. Wawili zaidi wakafa. Mzee Karanja akachukua zamu, nami nikamwambia Njeri twende kwake.

Nilipanda ngazi zile nikipumzika kila ghorofa. Ya nne ilikuwa korido nyembamba, milango mkabala kwa mkabala, mitungi ya maji imepangwa ukutani. Ndoo ya Njeri ya kulazia maji ilikuwa pale pale mlangoni pake, wazi, mahali penye hewa. Kama nilivyomwambia. Hatua mbili kutoka hapo ulikuwa mlango wa Syombua, na mwisho wa korido, kwenye reli, kulikuwa na godoro limeegemezwa juani.

Godoro juani, Jumatano, si siku ya usafi, na halikuwa limelowa.

Syombua akatoka. Mwanamke wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, mikono inanukia sabuni na manukato yale ya kupulizia choo. Akanijua kwa lafudhi niliposema hodi, kwamba mimi ni Mkamba mwenzake, akanisalimu kwa Kikamba. Nikaona Njeri amekaza uso, kana kwamba nimeshahamia upande wa pili. Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, tusikike sote watatu.

"Muulize ameweka nini kwa ndoo yangu," Njeri akasema.

"Mimi sijagusa ndoo ya mtu!"

"Viluwiluwi wangu wamekufa! Wanane! Na walikuwa wazima mpaka ulipokasirika!"

"Mimi nikasirike nikaue vidudu? Kwani mimi ni mchawi? Sema hapa mbele ya mama wa watu, mimi ni mchawi?"

Milango ikafunguka kidogo huku na huku. Hili neno uchawi, vijana, kwenye korido ya ploti ya wapangaji si neno la mchezo. Mtu anaweza kuhama kwa ajili yake. Nilimwona Syombua anaangalia lile godoro, anaangalia chini. Nikaelewa. Lakini nilielewa pia kwamba nikilisema mimi, pale, mbele ya ile milango, nitakuwa nimemvua nguo.

Nikasema magoti yananiuma, naomba kuketi na chai. Hakuna mwanamke wa huko atakayekunyima hivyo viwili. Njeri akatuingiza kwake kwa shingo upande, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye kistuli cha cherehani na nikaanza kuwaambia habari ya kunguni wangu.

Nilipokuja Nairobi mara ya kwanza nilipanga chumba Makadara, na kunguni ndio waliokuwa wenye nyumba, mimi mgeni wao. Krismasi nikaenda kwetu Machakos na begi jipya, najiona mtu wa mjini. Siku ya pili mama yangu akamkuta mmoja kwenye mto. Akatoa kila kitu changu, nguo za ndani na zote, akazianika kwenye ua mbele ya wageni waliokuja kunitazama, kisha akanitoa na mimi mwenyewe nikae juani pamoja nazo. Shemeji yangu aliuliza kama nauzwa.

Njeri alijizuia, akashindwa. Syombua alicheka mpaka akafunika uso na leso, na alipoishusha nikaona si kicheko tena.

"Niliita mtu wa dawa jana," akasema polepole. "Ile ya kunguni. Nilimwambia aje mchana wakati watu wako kazini, na Njeri amepeleka sare shuleni. Alikuja na pampu ya mgongoni. Akapuliza kitanda, akapuliza kuta, akapuliza mlango mpaka nje, na fremu, na ukuta wa korido. Ile ndoo niliiona." Akamgeukia Njeri. "Niliona iko hapo, lakini nilidhani ni maji ya kufua. Singeweza kukuambia. Ningesema nini? Na yale mablanketi ilikuwa ni kwa ajili ya kunguni hao hao, nilikuwa nayachemsha. Ungeambia watu Syombua ako na kunguni."

Njeri alikuwa na kikombe mkononi. Hakukinywa wala kukiweka.

Hapo nilitaka kunyamaza, wanangu. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri: aliyepuliza amejulikana, na hakukusudia. Ningekunywa chai yangu nikashuka zile ngazi, mwalimu mzuri. Lakini kile kitambaa kilikuwa ukutani mbele yangu, maandishi ya chaki, maneno yangu mwenyewe: ndoo iwe wazi mahali penye hewa.

Kule dukani ndoo zetu za kulazia maji hazikuwahi kukaa wazi hivyo. Mzee Karanja alizifunika kwa vipande vya shela la pazia, na zilikaa chumba cha nyuma ambako hakukupulizwa chochote tangu ile siku ya mende. Mimi nilivitandika vile vitambaa kila jioni, miaka yote, bila kuwaza. Na kwa sababu sikuwaza, sikuwahi kumwambia mteja hata mmoja. Nilimcheka mtu wa sukari, kumbe mimi ndiye niliyekuwa natoa maagizo nusu.

"Njeri," nikasema, "kosa ni langu. Nilikuambia uache ndoo wazi. Sikukuambia uifunike kitambaa, wala usiiweke mahali watu wanapita na pampu. Hao wanane ni wangu, si wa Syombua."

Uso ulikuwa unaniwaka. Nilikuwa na umri wa kuwa mama yao wote wawili.

Njeri aliweka kikombe chini. Akasimama, akaenda kwenye kitanda chake, akainua kona ya godoro, akalikunja shuka.

"Njooni muone," akasema.

Walikuwepo. Kwenye mshono, wamejipanga kama vifungo.

"Mwezi wa tatu sasa," akasema. "Kila siku naogopa mtoto wa mtu atarudi na sare iliyo na mmoja. Sijapuliza kwa ajili ya viluwiluwi."

Tuliangaliana. Sijui nani alianza kucheka. Mlango ukabishwa, jirani wa tatu akachungulia kuuliza kama kuna vita, akaona godoro limeinuliwa, akafunga mlango nyuma yake na kusema kwa sauti ya chini, "Hata nyinyi?" Ndani ya nusu saa korido yote ilikuwa imekiri. Kumbe kila mmoja alikuwa anapuliza kwa siri, na kunguni wanahama tu kutoka mlango hadi mlango, wanarudi kesho.

Jumamosi iliyofuata walipuliza ghorofa nzima kwa siku moja. Magodoro yote yalipandishwa juu ya paa, hadharani, na mtu wa ghorofa ya tatu alipopiga kelele kuuliza kuna nini, Syombua alimjibu kutoka huko juu: "Kunguni! Na nyinyi mtangoja mpaka lini?"

Viluwiluwi kumi na mmoja walikuwa salama kwetu dukani. Siku ya pili waliacha kujikunja. Ya nne wakala. Tatizo lililobaki ni kwamba katika zile siku za shida tuliwaweka wengi katika bakuli moja, na salamanda mdogo mwenye njaa hung'ata chochote kinachopita mbele ya mdomo wake. Mmoja akapoteza mguu wa mbele mzima, ukabaki kinundu. Nikamtenga peke yake kwenye kibakuli cha siagi.

Njeri alipokuja kuwachukua alikuja na Syombua. Alikuwa ameshona vifuniko vya ndoo kwa kitambaa cheupe, na mpira wa kubana ukingoni, kimoja kwa kila mlango wa ghorofa ya nne na kumi na viwili vya dukani. Mzee Karanja alivivalisha ndoo zetu hapo hapo, akasimama kuzitazama kama mtu aliyenunuliwa viatu.

Syombua alikuwa ameinama juu ya kibakuli cha siagi.

"Na huyu mlemavu?"

"Ataota mguu," nikasema. "Asikae na wenzake, maji yawe safi na baridi, ale vizuri. Mpe wiki kadhaa."

"Mguu? Mpya? Mama, usinidanganye."

"Mchukue wewe umlinde, kama Njeri anakubali."

Njeri alikubali. Walishuka na beseni katikati yao, kila mmoja ameshika ukingo wake, wakibishana njia nzima kuhusu nani anatembea haraka na kumwaga maji.

Zikapita wiki nyingi. Nilikuwa dukani, mikono ndani ya tangi, simu ikalia. Syombua hakusalimu.

"Mama Ndunge, mguu umetoka! Lakini umetoka vibaya. Kuna kidole kimekosa. Nimehesabu mara tano, ni vinne tu. Nimemkosea wapi?"

"Hesabu ule mwingine wa mbele, ule ambao haukukatika."

Nikasikia anaenda, anarudi, kiti kinasogezwa.

"Na huo ni vinne."

"Ya mbele huwa vinne. Ndivyo walivyoumbwa."

"Kwa hivyo amekamilika?"

"Amekamilika."

Nikamsikia anaacha simu wazi mezani, anafungua mlango, na anapaza sauti kwenye korido: "Njeri! Njeri, njoo! Amekamilika!"